Niliandikia Manesi wa Marekani, Dadangu Akivuja Damu Hapa Nakuru

Wacha nianze na kitu ambacho sijawahi kuposti. Mkimaliza kusoma mnaweza kunitukana, niko tayari.

Kati ya 2020 na 2023 nililipa nyumba kwa kuandika kazi za chuo za wanafunzi wa unesi wa Marekani. Korona ilikuwa imefunga vyuo, nimekaa bure Free Area, jamaa mmoja akanipatia akaunti. Shilingi 350 kwa ukurasa. Kazi inaingia jioni, saa kumi na moja asubuhi iko tayari, mteja anaamka Ohio anapata alama ya A, mimi nalala. Wengi wenu mnaosoma hapa mnajua hiyo maisha. Nakuru, Juja, Eldoret, Rongai, kila ploti ilikuwa na msee wa kuandika. Mpaka filamu imetengenezwa juu yetu, The Shadow Scholars, ya 2024, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya.

Nilijua unesi kwenye karatasi vizuri sana. Ningekuambia vile utafiti unafaa kupangwa, sampuli inachaguliwa aje, kwa nini wodi inafaa kufuata ushahidi badala ya mazoea. Sijawahi kuvaa glavu hata siku moja.

Agosti 2022 niliandika kazi ya kurasa 8 kuhusu akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Nikaituma Jumanne. Alhamisi usiku dadangu akapelekwa kujifungua mtoto wake wa kwanza, kwa hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu hii stori si ya hospitali moja.

Mtoto alitoka salama. Mathe akapiga simu akilia kwa furaha. Nusu saa baadaye dadangu akaanza kusema anasikia baridi. Wodi nzima ilikuwa na sista mmoja na mwanafunzi mmoja, na akina mama walikuwa wengi kuliko vitanda. Sista akaja, akaangalia kitambaa, akasema hiyo damu ni ya kawaida, akakimbia kwa mwingine aliyekuwa anasukuma. Aliporudi dadangu alikuwa hajibu akiitwa.

Sista huyo huyo ndiye alimwokoa. Alipiga kelele korido nzima ikasikia, akaweka dripu, akamkanda tumbo mpaka mikono ikamtetemeka, daktari akaitwa. Damu ya kuongezewa ilipatikana asubuhi baada ya binamu wetu wawili kutoa. Dadangu alikaa huko siku 9. Yuko hai, mtoto ako na miaka yake sasa, anasumbua majirani. Lakini ukimuuliza kuhusu mtoto wa pili anabadilisha mada.

Sasa sikiza. Siku ya tatu, dadangu akiwa bado na dripu kwa mkono, akaja mwanafunzi na karatasi. Anafanya utafiti. Maswali kama arobaini. Umri, elimu, ulihudhuria kliniki mara ngapi, ulihudumiwa aje. Weka sahihi hapa. "Majibu yako yatasaidia kuboresha huduma." Dadangu alijibu yote. Aliniambia alijibu kwa sababu hakutaka mwingine apitie hiyo kitu.

Miaka miwili baadaye tuko kwa matatu ya kwenda Njoro, akaniuliza: "Kwani wale wa maswali walisema nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilikuwa najua zaidi ya vile nilimwambia, na hapo ndipo aibu yangu iko.

Mwaka huo huo wa 2022, mwanafunzi Mkenya alinitafuta nimwandikie mradi wake wa mwisho wa unesi. Tarehe ilikuwa imemfikia, hakuwa amehoji mtu. Akaniuliza kama naweza "kumsaidia na data". Nikamsaidia. Nikabuni akina mama 96. Nikawapa umri, nikawapa ndoa, nikawapa maoni kuhusu manesi. Nikahakikisha asilimia hazitoshani sana zisishukiwe. Ilinichukua siku mbili, soda kando. Alipita.

Dadangu alijibu maswali arobaini akiwa na damu ya binamu zake mwilini. Mimi nilibuni akina mama 96. Na hizo karatasi mbili zinakaa kwa rafu moja, zimefungwa kwa jalada jeusi, na hakuna mtu anaweza kujua gani ni gani kwa sababu hakuna mtu anazisoma.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Hii nchi inafanya utafiti wa unesi na ukunga kama vile watu hufanya harusi ya kanisa baada ya kukaa miaka kumi pamoja: tupate cheti tu. Anayetaka digrii ya unesi lazima afanye mradi wa utafiti. Sawa kabisa. Hapa karibu tuna Egerton, tuna Kabarak, tuna KMTC, Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, wanafunzi wa afya wamejaa kwa steji kila asubuhi na makoti yao meupe. Piga hesabu ya miradi ya mwaka mmoja tu. Wakunga, wauguzi, maafisa wa kliniki, wataalamu wa lishe, wa maabara, wa viungo. Kila mmoja anakaa na wagonjwa wetu kuliko daktari yeyote. Kila mmoja ameona kitu. Halafu hebu niambie kitu kimoja, kimoja tu, ambacho umewahi kuona kikibadilika kwa hospitali ya mtaa wenu kwa sababu ya mradi wa mwanafunzi.

Niko na rafiki mkunga aliyesomea hapa hapa. Yeye hakununua mradi. Alihoji akina mama kwa miezi mitatu, akipanda bodaboda mpaka ndani Kuresoi mvua ikinyesha, pesa yake. Alipata mambo ya maana. Nilimuuliza mradi uko wapi. Akacheka. "Uko chini ya kitanda, unazuia godoro lisilale."

Najua komenti inayokuja. "Nesi anataka utafiti wa nini? Si afanye kazi, awache kutukana watu." Nimeisoma mara nyingi sana, na inaniuma kwa sababu hata mimi niliamini hivyo. Kichwani mwetu mwanasayansi ni daktari mwenye miwani, nesi ni mtu wa kubeba trei na kufoka.

Basi wacha niwape utafiti mmoja muone.

Kwa miaka mingi, njia ya kawaida ya kujua mama amepoteza damu kiasi gani ilikuwa kuangalia na macho. Damu imeingia kwa shuka, imemwagika sakafuni, imechanganyika na maji, na wewe mkunga uko peke yako saa tisa usiku. Unakadiria. Nusu lita ndiyo mpaka wa hatari unaojulikana, na nusu lita kwa kitambaa haionekani kama nusu lita kwa chupa.

Utafiti uitwao E-MOTIVE ukaja kuuliza swali ambalo mkunga yeyote angeuliza: je, tukipima? Wakaingia hospitali 80 katika nchi nne, Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kwa nusu moja ya hospitali, kila mama aliwekewa plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu inaingia kwa mfuko, mkunga anasoma mstari. Ikifika kiwango cha hatari hangojei, anafanya yote kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, dawa za kulifanya lijikaze, dawa ya traneksamiki ya kusaidia damu isiendelee kutoka, dripu, kumkagua mama, kuita msaada. Nusu ile nyingine ya hospitali iliendelea kama kawaida.

Majibu yalichapishwa Mei 2023. Kwa hospitali za kawaida, mama wanaovuja damu walitambuliwa karibu nusu tu, asilimia 51. Kwa hospitali zenye plastiki, asilimia 93. Halafu wakahesabu waliopata balaa lenyewe, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa kwa sababu ya damu, au kufa kwa kuvuja damu. Upande wa kawaida ilikuwa 43 kwa kila 1,000. Upande wa plastiki, 16 kwa kila 1,000.

Soma hizo namba tena. Sista wa dadangu hakuwa mjinga na hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anatumia macho, na sasa tunajua macho hukosa karibu nusu. Mwisho wa 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo ya kupima na kutibu kwa pamoja itumike.

Na ni nani alitandika hizo plastiki? Ni nani alisoma mistari saa tisa usiku? Wakunga. Ukiondoa mikono yao na macho yao, huo utafiti ni ndoto ya ofisini. Majina ya maprofesa tunayasikia, na wanastahili. Lakini ni mara ngapi umesikia mkunga wa zamu ya usiku akialikwa kwa redio aeleze vile sayansi ilifanyika mikononi mwake?

Mwingine. Miaka kama kumi na kitu iliyopita, mradi uliitwa Heshima. Uliuliza akina mama 641 wa Kenya, kwa vituo 13, vile walitendewa wakijifungua. Mmoja kati ya watano alisema alipitia udhalilishaji wa aina fulani: matusi, kuachwa peke yake, kuchapwa, kuzuiliwa kwa sababu ya bili. Ungedhani manesi wangekataa kuhusika kwa sababu ni wao wanasemwa. Chama cha wauguzi kilikuwa ndani ya huo mradi. Wakafundisha, wakaongea na wafanyakazi na vijiji, wakapima tena, ikashuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Bado 13 ni aibu. Lakini imeshuka, na tunajua imeshuka kwa sababu kuna mtu alihesabu mara mbili.

Sasa nijibu wale wenye hoja ya nguvu, kwa sababu iko. Watasema: manesi ni wachache, wamechoka, 2017 waligoma miezi mitano ndiyo wasikizwe, 2021 serikali ikatia sahihi mkataba wa kuwapeleka Uingereza, na wewe unataka waongezewe kazi ya kuandika? Ajiri kwanza, utafiti baadaye.

Naelewa. Lakini fikiria vile unaenda kuomba kaunti iajiri. Unaenda na nini? Machozi? Wametuona tukilia miaka yote. Kuna watafiti waliingia wodi za watoto wachanga kwa hospitali 6 za Nairobi, wakakaa wakiangalia saa baada ya saa, kila huduma mtoto anafaa kupata na ile alipata kweli. Wakaonyesha watoto wanakosa sehemu kubwa ya huduma ya nesi, na hali ni mbaya zaidi kwa hospitali za umma ambako nesi mmoja ana watoto wengi mno. Hiyo ni karatasi unaweza kuipiga mezani. Huwezi kumwambia waziri wa afya wa kaunti "manesi hawatoshi" akakuambia "mnapenda kulalamika," kama una hesabu ya maziwa ambayo hayakupewa na joto ambalo halikupimwa.

Kwa hivyo utafiti si anasa ya baada ya kuajiri. Ni mojawapo ya njia za kulazimisha kuajiri. Na usiniambie hakuna pesa. Sheria ya sayansi ya 2013 ilisema hazina ya taifa ya utafiti ipate asilimia 2 ya pato la taifa. Iko kwa vitabu. Muulize mhadhiri yeyote wa unesi kama ameiona.

Na kwa wale wa "nesi si mwanasayansi", huyo Florence Nightingale mnayempostia kila Mei 12 na picha ya taa, alikuwa mtu wa takwimu. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingia chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Aliwahesabu wanajeshi waliokuwa wakifa kwa magonjwa hospitalini kuliko kwa risasi, akachora michoro, akaipeleka kwa wakubwa. Taa ndiyo mnaikumbuka. Hesabu ndiyo iliwatisha wakubwa.

Sasa tufike kwetu, kwa sababu ni rahisi kupigia serikali kelele ukiwa kitandani na bando.

Wewe unayeandikia watu miradi ya afya: acha. Sisemi kama mchungaji, nasema kama mtu alifanya. Kazi ya Ohio nilijiambia haimuumizi mtu ninayemjua. Uongo. Huyo wa Ohio atakuwa nesi wa mtu. Lakini ile ya hapa ni mbaya mara mbili, kwa sababu ukibuni data ya akina mama wa Molo, umewanyang'anya akina mama wa Molo sauti, halafu ukaongea ukijifanya wao. Najua njaa. Njaa ndiyo iliniingiza. Lakini kuna kazi za njaa hata mtu wa njaa anakataa.

Wewe mwanafunzi unayenunua: siku moja utakuwa peke yako kwa zamu, mama anakuambia anasikia baridi. Mradi uliolipa hautakuonyesha kitu.

Nyinyi wahadhiri, na hapa naongea kwa heshima kwa sababu wengi wenu mnabeba wanafunzi kupita kiasi: jamani, msikubali mradi ambao haurudi wodini. Kurasa mbili tu. Kiswahili rahisi, au lugha wanayoelewa akina mama wa pale. Tulikuja, tukawauliza hivi, tukapata hivi, tunapendekeza hivi. Ibandikwe ukutani penye waliohojiwa wanaweza kuisoma, isomwe kwa mkutano wa asubuhi wa wodi. Alama zisitolewe kabla hiyo haijafanyika. Hiyo haihitaji asilimia 2 ya chochote. Inahitaji karatasi na selotepu.

Nyinyi wa kaunti: kila mwaka vijana wetu wanawafanyia kazi ya bure ndani ya hospitali zenu. Teua mkunga mmoja, mpunguzie zamu, kazi yake iwe kusoma hiyo miradi na kuwaambia ni mitatu gani ya kujaribu mwaka huu. Mtu mmoja. Halafu mtuambie mmejaribu nini. Katiba, kifungu cha 35, inatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 43 kinataja afya ya uzazi kwa jina. Hatuombi msaada.

Na sisi wengine, tunaozaa, tutakaozaa, wenye dada na mathe: siku mtu akikuletea karatasi ya utafiti hospitalini, usikatae. Jibu ukweli. Lakini kabla ya kuweka sahihi muulize, "Majibu nitayapata wapi, na lini?" Akikosa jibu, mwambie aandike hilo swali chini ya karatasi, ampelekee mwalimu wake.

Dadangu alisoma hii kabla sijaiposti. Sehemu ya wale akina mama 96 nilikuwa sijawahi kumwambia. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama kuna mmoja wao nilimpa jina lake. Nikamwambia hapana, walikuwa namba tu. Akasema, "Basi heri."

Sijui kama amenisamehe. Najua kitu naweza kufanya. Bado naandika haraka na bado naelewa hizo karatasi. Kama ulifanya mradi wa ukweli wa unesi, ukunga, lishe, maabara au viungo, hapa Nakuru, Naivasha, Molo, Njoro, Nyahururu, popote karibu, utoe chini ya kitanda. Nitumie. Nitausoma wote, nitauandika upya kwa kurasa mbili za Kiswahili, jina lako likiwa juu, bila kuitisha hata bob, kisha wewe mwenyewe uurudishe kule ulikohoji watu. Na video ya dakika tatu nitatengeneza.

Rafiki yangu wa Kuresoi ndiye wa kwanza. Godoro lake wiki hii limepata mawe.